Intavali za Bayes pale unapompima mtu yuleyule mara nyingi: twende hatua kwa hatua

Hii ni kwa yule mwenye data ya jaribio ambalo kila mshiriki kapita kwenye kondisheni (hali za jaribio) zote, yaani mtu yuleyule kapimwa mara tatu au nne au kumi, na sasa anataka kuchora grafu yenye wastani na vile vimstari vya juu na chini, afu mtu kamwambia "tumia Bayes" (takwimu za kuanza na imani yako na kuirekebisha kwa data) na hajui aanzie wapi. Nitaenda polepole. Hesabu nyingi za mfano wetu unaweza kuzirudia kwa kalkuleta ya simu, kompyuta tutaihitaji baadaye kidogo.

Kabla hujauliza intavali (lile eneo la namba kutoka chini hadi juu ambalo vile vimstari vinalionesha) inakokotolewaje jiulize kwanza inajibu swali gani, maana hapa ndo wengi wanapotea. Kuna swali la "wastani wa kondisheni A ni ngapi kwa watu kwa ujumla" na kuna swali la "A na B zinapishana kwa kiasi gani". Ukiwa umepima watu tofauti kwenye kila kondisheni maswali haya mawili yanakaribiana, unaweza kuyachanganya na usiumie sana. Ukiwa umepima watu walewale, majibu yake yanaweza kupishana upana mara kumi au zaidi, na utaona kwa macho yako sasa hivi.

Hatua ya 1: weka data mezani uitazame

Tuseme tunapima muda wa kujibu, mtu anaona alama kwenye skrini anabonyeza kitufe, tunahesabu milisekunde. Kondisheni A ni rahisi, B ya kati, C ngumu. Watu sita. Namba nimezitunga mwenyewe ili hesabu zisitutese:

Mshiriki 1: A 410, B 430, C 450
Mshiriki 2: A 520, B 530, C 555
Mshiriki 3: A 600, B 635, C 640
Mshiriki 4: A 480, B 495, C 525
Mshiriki 5: A 710, B 720, C 760
Mshiriki 6: A 550, B 580, C 580

Wastani wa A ni 545, B ni 565, C ni 585, na wastani wa jumla 565. Sasa acha wastani kwanza, tembeza macho kwa mlalo, mtu mmoja mmoja. Mshiriki 1 ni mwepesi kama umeme, mshiriki 5 anajivuta, kati yao kuna pengo la milisekunde 300 hivi. Lakini hao wote wawili wanapanda kutoka A kwenda C, mmoja kwa 40 mwingine kwa 50. Hakuna hata mtu mmoja kati ya sita ambaye C yake ni ndogo kuliko A yake. Ukichora mistari sita, mmoja kwa kila mtu, unaona kabisa mistari inakwenda sambamba, imepishana kimo tu. Chora huo mchoro kabla ya kitu kingine chochote, mi nisipouona huwa simwamini mtu na intavali zake.

Hatua ya 2: piga intavali ya kawaida uone inavyokuchezea

Chukua A peke yake. Mkengeuko sanifu (namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) ni kama 103.3, gawa kwa kipeuo cha 6 unapata kosa sanifu (mashaka ya wastani wenyewe) 42.2, zidisha kwa 2.571 ambayo, kwa intavali ya asilimia 95, ni namba ya mgawanyo wa t (unaotumika kwa sampuli ndogo) wenye digrii 5 za uhuru (hapa ni watu kasoro mmoja), unapata 108. Kwa hiyo A ni 545 jumlisha au toa 108, yaani kutoka kama 437 hadi 653. B na C nazo zinatoka na upana wa aina hiyohiyo. Ukiziweka kwenye grafu zinalaliana zote tatu, na msomaji anaangalia anasema hapa hakuna kitu. Wakati wewe umeona watu sita kati ya sita wanapanda!

Intavali haijakosea hesabu, tatizo ni kwamba imejibu swali la kwanza, lile la watu kwa ujumla, na kwa swali hilo watu sita ni wachache kweli na wanapishana sana, kwa hiyo mashaka lazima yawe makubwa. Ila wewe ulitaka swali la pili. Mimi hili lilinikuta, nilipeleka grafu ya namna hii mahali, nikaulizwa mbona maandishi yanasema kuna tofauti na picha inasema hakuna, nikakosa la kujibu, nikarudi nyumbani kusoma.

Hatua ya 3: ondoa tofauti za watu

Geoffrey Loftus na Michael Masson mwaka 1994 ndo walioipa hii kitu umaarufu kwenye saikolojia. Wazo lao ni jepesi: kama unachokitaka ni mpangilio wa wastani za kondisheni, basi ule upishano wa mtu na mtu haukuhusu, kinachokuhusu ni kile kinachobaki baada ya kuutoa.

Fanya hivi. Kwa kila namba, toa wastani wa mtu huyo, toa wastani wa kondisheni hiyo, ongeza wastani wa jumla. Mfano mshiriki 3 kwenye B: wastani wake ni 625, kwa hiyo 635 toa 625 toa 565 ongeza 565, inabaki 10. Fanya kwa namba zote 18, hayo ndo mabaki. Mshiriki 1 mabaki yake yote ni sifuri (nimemtunga vizuri huyo). Mshiriki 5 ana 0, kasoro 10, na 10. Ukishamaliza hakikisha kila safu na kila mlalo unajumlisha kuwa sifuri, kama haijumlishi umekosea mahali, rudi. Piga mipeo ya pili ya mabaki yote, jumlisha, unapata 650. Digrii za uhuru ni watu kasoro mmoja mara kondisheni kasoro moja, 5 mara 2, yaani 10. Gawa 650 kwa 10 unapata 65, hiyo ndo varianzi (kipimo cha mtawanyiko, mpeo wa pili wa mkengeuko sanifu) ya mabaki.

Sasa kosa sanifu la kila wastani ni kipeuo cha 65 gawa kwa 6, kama 3.29. Namba ya t kwa digrii 10 ni 2.228. Zidisha: 7.3. Kwa hiyo A inakuwa 545 jumlisha au toa 7.3. Kutoka 108 mpaka 7.3, data ileile, watu walewale! Ndo maana nilisema ujue swali kwanza. Hii 7.3 haikuambii chochote kuhusu wastani wa binadamu kwa ujumla kwenye kondisheni A, ukiitumia hivyo unadanganya watu. Inakusaidia kulinganisha tu.

Kuna njia nyingine utakutana nayo, ya Denis Cousineau ya 2005, unatoa wastani wa kila mtu kwenye namba zake unarudisha wastani wa jumla, afu unapiga intavali ya kawaida kwa kila kondisheni peke yake. Richard Morey mwaka 2008 alionesha kwamba ukiishia hapo intavali zinatoka nyembamba kupita kiasi, na dawa yake ni kuzidisha varianzi kwa idadi ya kondisheni gawa kwa idadi hiyo kasoro moja. Kwetu ni 3 gawa kwa 2, yaani 1.5. Ukifanya hivyo varianzi zinatoka 15 kwa A, 105 kwa B na 75 kwa C, na wastani wa hizo tatu ni... 65. Ileile ya juu. Mi nilipoiona hiyo mara ya kwanza ndo nikaelewa kwamba njia hizi mbili ni ndugu, moja inachanganya kondisheni zote kwenye chungu kimoja, nyingine inaacha kila kondisheni na varianzi yake.

Hatua ya 4: sasa Bayes anaingia wapi

Mpaka hapa bado hatujafanya Bayes. Intavali ya konfidensi, ndiyo ile tuliyokuwa tunapiga, kama mwanatakwimu Jerzy Neyman alivyoiweka mwaka 1937, ni ahadi kuhusu utaratibu: ukirudia jaribio mara nyingi sana na kila mara ukakokotoa intavali kwa utaratibu huuhuu, kama 95 katika kila 100 zitakuwa zimeibeba namba ya kweli. Hii uliyonayo mkononi leo imeibeba au haijaibeba, utaratibu haukwambii. Watu karibu wote wanaisoma tofauti, wanasema kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba namba ya kweli iko humu ndani. Hiyo sentensi ni ya Bayes. Ukitaka kuisema kwa haki inabidi ufanye kazi ya Bayes.

Kazi yenyewe ina vitu vitatu. Kuna praya, ambayo ni imani unayoingia nayo kabla ya kuona data, iliyoandikwa kama mgawanyo. Kuna modeli inayosema data inazaliwa vipi. Na kuna posteria, imani baada ya data, ambayo unaipata kwa kuzidisha praya na uwezekano wa data chini ya modeli, afu unasawazisha jumla yake iwe 1. Thomas Bayes mwenyewe alikufa 1761, andiko lake likatolewa na rafiki yake Richard Price mwaka 1763, na bado tunabishana mpaka leo. Intavali ya kuaminika ya asilimia 95 ni kipande cha posteria chenye asilimia 95 ya uzito wote. Basi.

Kwa data yetu modeli nyepesi inasema kila namba ni wastani wa kondisheni, jumlisha kasi ya mtu husika, jumlisha kelele (kupandapanda na kushukashuka kwa bahati tu). Ukiweka praya tambarare (isiyopendelea namba yoyote) kwenye wastani na kwenye kasi za watu, na ile praya ya kawaida kwenye varianzi inayosema hujui hata ukubwa wake ni wa kiwango gani, yaani moja gawa kwa varianzi, hesabu inafungika vizuri kabisa: posteria ya wastani wa A kwa watu hawa sita inakuwa mgawanyo wa t wenye digrii 10, katikati 545, upana 3.29. Intavali ya asilimia 95 ni 545 jumlisha au toa 7.3.

Najua unachosema. "Kumbe tumezunguka kote huku namba ni ileile?" Ndiyo, kwa praya hiyo namba ni ileile, kilichobadilika ni unachoruhusiwa kusema juu yake. Pia umepata kitu ambacho 1994 haikukupa: unaweza kubadilisha praya, unaweza kubadilisha modeli, na unaweza kuuliza posteria maswali mengine bila kutafuta fomula mpya kila mara.

Hapa kuna mvutano wa wataalamu ambao ni vizuri uujue. Farouk Nathoo, Robyn Kilshaw na Masson (ndiyo, yuleyule wa 1994) walipendekeza mwaka 2018 intavali ya Bayes ya kila wastani ambayo unazishikilia athari za washiriki kama zilivyokadiriwa, afu unauliza posteria ya wastani wa kondisheni inasemaje ukishazishikilia hizo. Mwaka uliofuata Daniel Heck akajibu kwamba makadirio yenyewe nayo yana mashaka, na kwenye modeli ya ngazi (inayochukulia watu wote wametoka kwenye kundi moja kubwa) makadirio ya watu huwa yanavutwa kuelekea katikati, kwa hiyo ukiyashika kana kwamba ni kweli tupu unaacha kitu nje. Kwa maoni yangu wote wanakupeleka kwenye hatua ya 6: kama unataka tofauti, kadiria tofauti.

Hatua ya 5: chagua praya kama mtu mzima

Watu wanaogopa hapa kuliko sehemu nyingine yoyote. Wengine wanaweka tambarare kila kitu wakidhani wamekwepa, wengine wanabandika namba walizozikuta kwenye mfano wa mtu mwingine aliyepima kitu tofauti kabisa. Usifanye hivyo. Kaa chini ujiulize: kwa kazi ya namna hii, tofauti kati ya kondisheni inaweza kuwa milisekunde ngapi? Elfu tano? Hapana. Mia? Labda. Basi praya ya tofauti yenye katikati sifuri na mkengeuko 50 inasema tofauti kubwa zinawezekana ila si za kutarajiwa sana, na pande zote mbili, kupanda au kushuka, unazipa nafasi sawa.

Inavuta kiasi gani? Chukua tofauti ya B na A kwenye data yetu: wastani 20, kosa sanifu 4.28. Tukichukulia hilo kosa sanifu tunalijua, ili hesabu iwe ya mkononi, praya ya mkengeuko 50 inaisogeza 20 mpaka 19.9, yaani haijagusa kitu. Sasa weka praya ya mkengeuko 5, yaani umeingia na imani kali kwamba tofauti ni karibu na sifuri: katikati ya posteria inaanguka mpaka 11.5. Data ileile. Kama ulikuwa na sababu ya kuamini hivyo, sawa, iseme wazi. Kama uliiokota tu, umejipunja karibu nusu ya athari bila kujua. Ndo maana nasema jaribu praya mbili au tatu uone jibu linatembea kiasi gani, na uandike ulichokiona.

Praya ya varianzi za watu na kelele usiisahau pia, hizo haziwezi kuwa hasi kwa hiyo unatumia nusu ya mgawanyo, upande wa chanya tu. Na kabla ya kugusa data mwambie kompyuta itunge data kutoka kwenye praya peke yake. Ikikutolea watu wanaojibu kwa milisekunde kasoro 300, au dakika mbili kwa kubonyeza kitufe, praya yako imechanganyikiwa, irekebishe.

Hatua ya 6: kadiria tofauti yenyewe, usichungulie vimstari

Hapa ndo moyo wa jambo, nitakaa kidogo.

Kama unatumia zile intavali za 7.3 kwa kila wastani, kanuni ya kulinganisha mbili ni kuzidisha kwa kipeuo cha 2, sio kuangalia kama zinalaliana tu. 7.33 (ile 7.3 kabla ya kuikata) mara 1.414 ni kama 10.4. Kwa hiyo pengo la wastani mbili likizidi 10.4, intavali ya tofauti haigusi sifuri. B kasoro A ni 20, plasi au minasi 10.4, yaani 9.6 hadi 30.4. Vizuri. Lakini hapo tumedhani kwamba kila jozi ya kondisheni ina kelele sawa, ile dhana inayoitwa sferisiti: varianzi ya tofauti za B na A iwe sawa na ya C na A na ya C na B. Tuangalie kama ni kweli kwetu.

B kasoro A, mtu kwa mtu: 20, 10, 35, 15, 10, 30. Wastani 20, varianzi 110.
C kasoro A: 40, 35, 40, 45, 50, 30. Wastani 40, varianzi 50.
C kasoro B: 20, 25, 5, 30, 40, 0. Wastani 20, varianzi 230.

110, 50, 230. Wastani wake ni 130, na 130 ni 65 mara mbili, hesabu inafunga. Ila zenyewe zimeachana mbali. Kwa watu sita huwezi kuapa kwamba sio bahati tu, lakini pia sioni sababu ya kulazimisha zote zitumie upana mmoja. Kwa praya ileile ya kutojua, sasa kila tofauti peke yake na digrii 5, intavali za asilimia 95 zinakuwa: B kasoro A, 9.0 hadi 31.0. C kasoro A, 32.6 hadi 47.4. C kasoro B, 4.1 hadi 35.9. Ona hiyo ya mwisho na ya kwanza, wastani zote mbili ni 20, lakini moja ina mashaka zaidi kwa sababu mshiriki 6 hakubadilika kabisa kutoka B kwenda C wakati mshiriki 5 aliruka 40. Ungetumia 10.4 kwa zote ungejiamini kupita kiasi kwenye C na B, na ungejinyima kwenye C na A.

Na sasa raha ya posteria. Uwezekano kwamba C ni kubwa kuliko B? Kama 0.988. Ila hilo mara nyingi sio swali la maana, tofauti ya milisekunde moja nani anaijali. Tuseme kwenye kazi yako tofauti chini ya 10 haina faida kwa mtu. Uliza: uwezekano kwamba C inazidi B kwa zaidi ya 10 ni upi? Unapata kama 0.92. Hiyo namba moja inamwambia msomaji mengi kuliko nyota tatu (zile alama za "tofauti ipo") juu ya grafu.

Hatua ya 7: hamia kwenye kompyuta

Njia ya mkono inadai jedwali kamili, kila mtu na kila kondisheni. Maisha hayako hivyo, mtu kaondoka kabla ya C, mwingine ana majaribio 40 na mwingine 37. Hapo unaenda kwenye modeli ya ngazi, kwenye R (programu ya takwimu) kwa pakeji ya brms inayotumia Stan (softwea ya kukokotoa modeli za Bayes) kwa ndani. Kama una wastani mmoja tu kwa kila mtu kwa kila kondisheni, kama jedwali letu, andika (rt ni muda wa kujibu, kondi ni kondisheni, d ni jedwali la data):

m <- brm(rt ~ kondi + (1 | mshiriki), data = d, prior = c(prior(normal(0, 50), class = b), prior(normal(0, 150), class = sd)), seed = 11)

Brms yenyewe inajua kwamba sd haiwezi kuwa hasi, itakata upande wa chini. Kama una majaribio ghafi, mengi kwa kila mtu kwa kila kondisheni, usiyapige wastani kwanza, yaache kama yalivyo na ubadilishe sehemu ya washiriki iwe (1 + kondi | mshiriki), hapo kila mtu anaruhusiwa kuwa na ukubwa wake wa athari na lile suala la sferisiti linajitatua kwa sehemu kubwa. Lakini angalizo, usiweke hiyo ndefu kwenye jedwali la namba moja kwa kila chumba! Modeli itakuwa na athari tatu kwa mtu mwenye namba tatu tu, kelele inakosa pa kukaa, data haiwezi kutenganisha kipi ni kipi, na utalaumu softwea bure.

Kompyuta inachota sampuli nyingi kutoka kwenye posteria; ikimaliza angalia Rhat (kipimo cha kama minyororo ya sampuli imekubaliana) zote ziwe chini ya 1.01, na sampuli faafu (sampuli zako zina thamani ya sampuli huru ngapi) zizidi 400 kwa kila unachoripoti. Ikilalamika kuhusu michepuko kwenye sampuli (divergent transitions, yaani uchotaji umeteleza mahali), pandisha adapt_delta (inafanya hatua za uchotaji ziwe ndogo) hadi 0.95 au 0.99, isipokoma rudi kwenye praya, mara nyingi shida iko huko. Muda wa kujibu pia una mkia mrefu upande wa kulia, kwa majaribio ghafi jaribu family = lognormal(), ila kumbuka praya zako sasa ziko kwenye logi, 50 ya milisekunde haina maana tena huko, na nimeona watu wanaisahau hiyo na kupata vituko.

Kisha vuta sampuli za posteria na ukokotoe tofauti sampuli kwa sampuli:

p <- as_draws_df(m)
tofauti <- p$b_kondiC - p$b_kondiB
quantile(tofauti, c(.025, .975))
mean(tofauti > 10)

Usichukue intavali ya C na intavali ya B ukazitoa kingo kwa kingo, hiyo sio hesabu. Kutoa kunafanyika ndani ya kila sampuli kwa sababu makadirio hayo mawili yanatembea pamoja.

Namba za hapa hazitalingana kabisa na zangu za hatua ya 6, kwa sababu modeli yenye (1 | mshiriki) inarudi kwenye dhana ya kelele moja kwa wote, na praya nayo ipo. Tegemea kitu kinachokaribia plasi au minasi 10.

Mtego mmoja wa hapa: ukiita conditional_effects(m) ikuchoree, itakupa vimstari vinene mno, vya aina ya ile 108 ya hatua ya 2. Unashtuka, unadhani modeli imeharibika. Hapana, picha hiyo inajibu swali la kwanza, wastani wa watu kwa ujumla, na imebeba mashaka yote ya mtu na mtu. Modeli moja ina majibu yote mawili ndani yake, wewe ndo unachagua unachomoa lipi.

Kuhusu aina ya intavali, kuna ya mikia sawa inayokata 2.5 kila upande, na kuna ile ya msongamano wa juu inayochukua sehemu nene zaidi ya posteria. Posteria ikiwa na umbo la kengele zinafanana. Ikiwa imeegemea upande mmoja zinaachana, na ile ya msongamano haibaki ileile ukihamisha kutoka logi kwenda milisekunde. Mi natumia mikia sawa, naandika hivyo, naendelea na maisha.

Hatua ya 8: grafu na maneno yake

Chora paneli mbili. Kushoto mistari ya watu mmoja mmoja kwa rangi hafifu na wastani juu yake kwa rangi nzito, bila vimstari vya intavali kabisa kama unaweza. Kulia tofauti tatu na intavali zake na mstari wa sifuri. Mhariri aking'ang'ania paneli moja yenye vimstari juu ya wastani, mpe za hatua ya 3, lakini maelezo ya chini ya picha yaseme kinagaubaga vimstari ni vya nini, maana intavali ya konfidensi, ya kuaminika, na kosa sanifu zote zinachorwa kwa umbo lilelile na msomaji hana namna ya kujua.

Kwa mfano wetu maelezo yangekuwa hivi: "Nukta ni wastani wa tofauti ndani ya mshiriki, watu 6. Vimstari ni intavali za kuaminika za 95%, mikia sawa, kila tofauti imekadiriwa na varianzi yake, praya tambarare kwa wastani. C kasoro B: 20 ms, 4 hadi 36, uwezekano wa kuzidi 10 ms ni 0.92." Kama umetumia brms taja praya zote, toleo la pakeji, na ile seed (namba inayoanzisha uchotaji wa bahati nasibu), ili mwingine akirudia apate namba zako.